Pesa Zimo, Ila Hazitoki

Upepo wa kusi wa mwaka huu ulipokaza, ami yangu wa Kizingitini, kisiwani Pate, alikaa majuma matatu bila kushusha mashua. Katika juma la pili mwanawe aliyeko Mombasa alimtumia shilingi 4,000 kwa simu. Ujumbe uliingia papo hapo, lakini noti zenyewe alizishika siku ya tatu, kwa kuwa wakala wa kwanza hakuwa na keshi, na wa pili naye alikuwa akingoja mashua ya Amu, yaani mji wa Lamu. Nilipompigia kumuuliza hali, alinijibu: «Mwanangu, pesa zimo, ila hazitoki.»

Nimekuwa nikisoma tafiti za uchumi kuhusu pesa za simu kwa miaka kadhaa, na tangu siku hiyo nazisoma kwa jicho jingine. Utafiti ninaouheshimu kuliko yote ni ule wa wanauchumi William Jack na Tavneet Suri, uliochapishwa mwaka 2014, miaka saba baada ya M-Pesa kuanzishwa nchini Kenya. Walizifuatilia kaya zilizopatwa na misukosuko kama vile maradhi, kupoteza kazi au kuharibikiwa na mazao, wakaona kwamba matumizi ya kaya zisizotumia huduma hiyo yalishuka kwa takriban asilimia 7, hali matumizi ya kaya zilizoitumia hayakutetereka. Sababu waliyoieleza ni ile ambayo mtu yeyote wa Pwani angeitambua: jamaa walio mbali walituma fedha, na walituma wengi zaidi, kwa kuwa kutuma kumekuwa rahisi. Simu haikuleta wema mpya. Iliufupishia njia wema uliokuwapo tangu zamani.

Utafiti huo ulizingatia sana ukaribu wa mawakala, na hapa ndipo kisa cha ami kinaponigusa. Maradhi humpata mtu mmoja huku jirani yake akiendelea na kazi, ilhali kusi huwapata wavuvi wote kwa pamoja. Siku za kaskazi, samaki wakiwa wengi, watu huweka fedha na sanduku la wakala hujaa noti. Kusi ikiingia, kila mtu anapokea na kutoa, hakuna anayeweka, na wakala hubaki na floti tele, yaani fedha zake zilizo ndani ya simu, huku sanduku likiwa tupu. Ili abadilishe floti hiyo iwe keshi, aghalabu hulazimika kwenda benki mjini Amu, yaani kuivuka bahari ileile iliyowazuia wavuvi kutoka. Ami angeweza kulilipa duka kwa simu, lakini fundi aliyekuwa akiikalafati mashua yake alitaka mkononi.

Kwa mujibu wa takwimu za FinAccess, utafiti wa kitaifa kuhusu huduma za fedha, Wakenya wazima wanaofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7 mwaka 2006, na kufikia 2024 wakawa asilimia 84.8. Ni mafanikio makubwa na ninayafurahia kwa dhati. Ami yumo katika hesabu hiyo, maana ana laini na akaunti. Zile siku tatu za kungoja ndizo zisizoonekana ndani yake.

Jambo la mikopo ni jingine, na sipendi linapochanganywa na la kutumiana fedha chini ya jina moja la ujumuishaji wa kifedha. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na anayekopa namna hiyo kila mwezi hulipa asilimia 90 ya mkopo wake kwa mwaka. Haki ya watafiti isisahaulike: uchambuzi wa Suri, Bharadwaj na Jack, wa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kaya zilizostahiki mkopo huo zilipunguza, kwa pointi 6.3 za asilimia, uwezekano wa kuacha matumizi ya lazima zinapopatwa na shida. Manufaa hayo siyakatai. Hata hivyo, ami huiona ada ya aina hiyo kuwa riba na haigusi, nao majirani zake wengi wana msimamo huohuo. Mtu wa namna hii mkopo wa simu haumfai kitu hata uwe mwepesi kiasi gani. Kinachomfaa ni mchezo wa kuchangishana fedha wa kina mama wa mtaani, jamaa aliye Mombasa, na wakala mwenye keshi.

Kwa hiyo ninatamani wanaoandaa dodoso waongeze swali moja, waliulize visiwani, na waliulize mwezi wa Julai badala ya kungoja kaskazi: mara ya mwisho ulipotumiwa fedha, zilikaa saa ngapi kwenye simu kabla hujazishika? Ami angewajibu bila kufikiri sana, kwa kuwa fundi alisimamisha kazi siku hizo zote tatu, na mashua ikabaki ufuoni na mbao zake wazi.