Malkia wa Kushi ndani ya mwendokasi

Juzi jioni nilipitiliza kituo changu cha Magomeni Mapipa, nikazinduka tumeshafika Manzese, na wa kulaumiwa ni riwaya ya vijana niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta, jalada limechanika na ukurasa wa kwanza una doa la chai. Hadithi inatokea katika ufalme wa kale wa Kushi, kwenye Sudan ya leo, ambako binti wa miaka 16 anasemezana na Apedemak, mungu mwenye kichwa cha simba. Mambo ya mapenzi yaliyomo ni ya kawaida tu. Kinachoninasa ni pale njozi inapokanyaga historia: malkia mwenye jicho moja aliyepigana na Warumi alikuwepo kweli, na kichwa cha shaba cha sanamu ya mfalme wao Augusto kilizikwa Meroe, mji mkuu wa Kushi, chini ya kizingiti cha hekalu, yaelekea ili kila aingiaye akikanyage, hadi kilipofukuliwa mwaka 1910. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, na mama aliyekaa kando yangu akausogeza mkoba wake. Zimebaki kurasa 40, nami nazisoma kwa ubahili.