Nilivyopamba meza ya Krismasi ya watu 34 kwa vitu vya kihambani

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, nimeolewa Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Mtu wa Moshi anajua maana yake: ikifika Desemba, kila aliyetoka mlimani anarudi mlimani. Mabasi kutoka Dar yanajaa, mafundi wanapaka nyumba rangi, na sisi wake wa vijana wa boma tunaanza kuhesabu sahani. Nilikuwa naambiwa tu nisaidie kumenya ndizi. Mwaka mmoja mama mkwe aliniita pembeni akasema, "Mwanangu, meza ya mwaka huu ni yako."

Alikuwa na sababu. Krismasi ya mwaka uliotangulia mapambo tulinunua mjini: maputo, riboni za plastiki, zile nyuzi za kumetameta na theluji ya kupuliza. Tulitumia zaidi ya shilingi elfu sitini. Kabla ya chakula maputo nusu yalishapasuka kwa jua, na zile chembe za kumetameta zilidondokea kwenye sufuria ya machalari, ndizi zetu za kupika na nyama. Baba mkwe alitoa moja mdomoni kwa kidole, akaiangalia, akaendelea kula bila kusema neno. Niliumia sana siku ile. Watu wamesafiri kilomita zaidi ya mia tano kuja kula chakula cha mama yao, halafu wanatafuna plastiki.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti moja. Chochote kitakachokaa mezani kitoke kihambani, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, au ndani ya nyumba, isipokuwa mishumaa, uzi, manila na gundi.

Wiki ya kwanza ya Majilio, yale majuma manne ya kungojea Krismasi, nilianza na magome makavu ya mgomba, yale yanayoning'inia kwenye shina kama nguo kuukuu. Bibi yangu alikuwa akisuka mikeka ya ukindu, na tangu nikiwa na miaka minane nilikuwa nakaa miguuni pake nikimsukia ukili. Nikajiuliza, kama vidole vinajua ukindu, mgomba utavishinda nini? Kumbe kuna tofauti. Ukindu una ugumu wake, unashika umbo. Gome la mgomba likiwa kavu linavunjika, likilowa sana linakuwa kama karatasi ya chooni. Nilipoteza siku mbili hapo. Mwisho nilijua kipimo: chana vipande vyembamba vya upana wa kidole, vifunge kwenye kitambaa kibichi usiku kucha badala ya kuvitumbukiza kwenye maji, asubuhi vinyooshe kimoja kimoja kwa mgongo wa kijiko. Hapo vinasukika, na rangi yake ukiitazama vizuri si moja. Kuna sehemu ya asali, kuna ya kahawa, kuna nyeupe karibu na shina.

Nilisuka ukili mwembamba wa nyuzi nne, nikaukunja kona tano nikizipima kwa kidole ili zilingane, nikaushona kwa sindano ya kushonea magunia. Nyota. Watoto walipoiona ya kwanza ikining'inia dirishani, kazi haikuwa yangu tena. Binti wa shemeji yangu, ambaye amezaliwa Dar na hajawahi kusuka hata nywele za mdoli, alisuka nyota kumi na moja. Kona zake hazikulingana, nami sikuzirekebisha. Zote zilipanda mezani.

Kosa langu kubwa lilikuwa sale. Mpakani mwa kihamba yamepangwa masale, marefu, majani yamechongoka na kijani chake kinang'aa hata wakati wa vumbi. Niliyaona nikaona riboni. Asubuhi moja nikachukua panga nikakata vichwa kama thelathini, nikifikiri kila sahani itapata jani moja lililofungwa kwenye kitambaa cha kufutia mikono. Mama mkwe alinikuta nayapanga kwenye ungo. Hakunifokea. Alikaa kwenye kigoda akaniambia, "Mwanangu, hili jani lina neno ndani yake." Nilijua kwa kusikia kwamba kwa Wachaga sale ni jani la amani, kwamba mtu aliyekosana na mwenzake akienda na sale mkononi anaomba msamaha, na aliyepelekewa ni vigumu sana kukataa. Sikuwa nimeunganisha hilo na sahani zangu. "Ukimwekea kila mtu sale," akasema, "kila mtu atakaa anajiuliza ni nani anamwomba radhi, na kwa kosa gani."

Niliona aibu, nikamwomba msamaha papo hapo, na yeye akacheka kwa sababu ungo mzima wa masale ulikuwa katikati yetu. Vile vichwa havikutupwa. Tulivichomeka ardhini kando ya njia ya kuingilia nyumbani, maana sale hushika mizizi upesi ukichomeka tu. Kwenye sahani nilifungia mchaichai badala yake. Ukikunja kitambaa cha kitenge na kukifunga kwa jani la mchaichai, mgeni akilifungua harufu inampanda puani kabla hajagusa kijiko. Kwa kweli hilo lilikuwa bora kuliko wazo langu la kwanza.

Sasa mishumaa. Hapa naomba anayetaka kuiga asome polepole.

Nilitaka mishumaa katikati ya meza, kwa sababu chakula chetu kikubwa ni cha jioni ya mkesha, kabla ya kushuka kanisani, na umeme wa huku siku kama hiyo hauaminiki. Siku tatu kabla nilifanya jaribio. Nikaweka mshumaa juu ya kisahani, nikauzungushia nyota za mgomba, nikauwasha, nikageuka kuchukua simu nipige picha. Nilipogeuka tena nyota mbili zilikuwa zinawaka. Gome kavu la mgomba linashika moto kama kiberiti. Nilizizima kwa kanga yangu, na kitambaa cha meza kikabaki na tundu la ukubwa wa shilingi mia mbili. Nilitetemeka nikiwafikiria watoto kumi na watano kuzunguka meza ile.

Shemeji yangu wa mwisho, ambaye ndiye analisha ng'ombe, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Shemeji, kwa nini unatumia mgomba mkavu kwa moto? Tumia mbichi." Akaenda akarudi na kipande cha shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, kizito, kinachuruzika maji. Mgomba unazaa mara moja tu, na shina lake likishakatwa mkungu ni chakula cha ng'ombe, kwa hiyo hatukuharibu kitu. Tulikata vipande vya urefu wa kiganja, tukachimba tundu katikati kwa kisu, tukasimamisha mshumaa. Shina bichi ni maji matupu. Mshumaa ukiungua hadi chini unazimika wenyewe ukifika kwenye ule ubichi. Tulijaribu mara tatu. Na ukilitazama lilipokatwa, lina zile duara ndani ya duara, nyeupe na zambarau, kama limechorwa.

Tatizo ni utomvu. Utomvu wa mgomba ukidondoka kwenye nguo unaacha doa la kahawia lisilotoka hadi nguo inachakaa. Kwa hiyo vipande vikatwe siku moja kabla, visimamishwe kwenye jiwe vichuruzike, kisha vifutwe. Chini yake niliweka majani mabichi ya mgomba yaliyobabuliwa. Kubabua ni kazi ya dakika: unalipitisha jani juu ya moto wa kuni bila kulisimamisha, linabadilika rangi mbele ya macho yako, linakuwa kijani kizito kinachong'aa na laini kama ngozi, halipasuki tena ukilikunja. Jani lisilobabuliwa linachanika kwa mstari na kunyauka kabla wageni hawajafika.

Pambo la pili la mwanga nililitoa kwenye kahawa. Kihamba chetu bado kina mibuni michache ya baba mkwe, ya tangu enzi ambazo kahawa ndiyo ilisomesha watoto huku mlimani. Tulikaanga kikombe kimoja cha kahawa kwenye kikaango cha chuma, nyumba nzima ikanukia. Nilichukua chupa pana za jemu, nikaweka bilauri ndogo ndani yake, nikajaza kahawa kati ya bilauri na chupa, mshumaa mfupi ukakaa ndani ya bilauri. Kioo kikipata moto kahawa inaanza kunukia polepole. Baba mkwe aliisogeza moja karibu na sahani yake na hakuna aliyethubutu kuirudisha.

Juu ya meza zenyewe sina mengi. Tulikuwa na tatu, mbili za kuazima, urefu tofauti, tukazisawazisha kwa matofali na kuzifunika vitenge. Lililonigusa ni vitambaa. Mama mkwe alifungua sanduku lake la bati akatoa vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vya kutandika kwenye makochi, alivyofuma mwenyewe alipokuwa bado msichana. Kumi na tisa. Vilikuwa vimekaa humo miaka mingi kwa sababu makochi ya sasa hayatandikwi. Nilivifua kwa sabuni ya mche, nikavianika juu ya majani, kisha nikaviunganisha kwa uzi mmoja mmoja mpaka vikawa njia ndefu ya katikati ya meza zote tatu. Kila aliyekaa alikuwa na ua mbele yake. Shangazi mmoja alilitambua moja, akasema lile alilifuma yeye, wakiwa wawili chini ya mti wa parachichi. Sikulijua hilo kabla.

Kwa majina nilitumia maganda ya mkrismasi, mti ule wenye asili ya Madagaska unaochanua mwekundu mtupu Moshi mjini kila msimu huu. Maua yake hayafai mezani, yananyauka upesi ukishayakata. Lakini chini ya mti utakuta maganda ya mwaka uliopita, meusi, marefu kama panga, magumu kama mbao. Ukilipasua kwa urefu, ndani kuna vyumba vidogo vilivyojipanga ambamo mbegu zilikaa, na kadi ya manila inasimama humo bila gundi. Watoto waliandika wanavyomwita kila mtu: Babu, Bibi, Baba Mkubwa, Shangazi. Tukajikuta na Baba Mdogo watatu, ikabidi waongeze wa Dodoma, wa Arusha, wa hapa nyumbani.

Kwenye kona, juu ya kimeza kifupi, niliweka taji la Majilio. Niliwahi kusoma kwamba taji hili lilianzia kwa mchungaji wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, mwaka 1839, kwa ajili ya watoto aliowalea, waliokuwa wakimuuliza kila siku Krismasi itafika lini. Yeye alitumia gurudumu la mkokoteni. Mimi nilitumia rimu ya baiskeli iliyokuwa imetundikwa bandani, nikaizungushia matawi ya msaiprasi na ukili wa mgomba, na mishumaa minne kama ya parokiani, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi wa Jumapili ya tatu. Kila mmoja kwenye kipande chake cha mgomba mbichi. Usiku wa mkesha mtoto mdogo kuliko wote alibebwa na babu yake kuuwasha wa mwisho.

Jambo moja nililosimamia kwa ukali: hakuna pambo lililopita kidevu cha mtu aliyeketi. Mwaka uliopita kulikuwa na chombo kirefu cha maua katikati, na ndugu wawili walikaa kutwa nzima wanaongea kwa kuinama pembeni. Ndugu wanaoonana mara moja kwa mwaka waachwe wakatazamane.

Umeme ulikatika saa moja na nusu, katikati ya mtori. Hakuna aliyeinuka. Nilikuwa jikoni, nikachungulia mlangoni nikaona nyuso zote 34 kwenye mwanga wa chini, moshi wa ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ukiingia kutoka uani, na mama mkwe amenyoosha mkono anapapasa kitambaa mbele yake kwa kidole, akifuata ua lile alilofuma.

Matumizi yote yalikuwa shilingi elfu kumi na nne na mia tano: mishumaa pakiti mbili na ile minne ya rangi, uzi, manila na gundi.

Tarehe 26 asubuhi tuliondoa kila kitu. Nyota watoto waligawana, zikaenda Dar, Dodoma na Arusha kwenye mabegi. Kahawa tuliisaga tukainywa. Vitambaa nilivifumua uzi, nikavifua, vikarudi kwenye sanduku, isipokuwa kimoja alichokichukua shangazi. Vipande vya migomba na majani shemeji alivichanganya na malisho, nikamsaidia kubeba. Ng'ombe alianza na yale yaliyobabuliwa.