Albamu moja, maombi mawili: kusajili hakimiliki ya nyimbo zako Marekani

Ukirekodi wimbo leo, uwe Temeke, Nakuru au Minneapolis, hakimiliki yake unayo tangu sauti iliponaswa. Hakuna ofisi inayokupa. Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania 1994, unazitaka nchi wanachama zikulinde bila kukudai usajili kwanza. Kwa sababu hiyo wanamuziki wengi hawajisumbui na Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, mpaka siku wimbo wao unaposikika kwenye tangazo la biashara la huko ambalo hawakuliruhusu. Wakili wa kule akipigiwa simu, swali lake la kwanza huwa: mlisajili tarehe gani?

Anauliza tarehe kwa sababu ya kifungu cha 412 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani. Ili udai gharama za wakili pamoja na fidia iliyopangwa na sheria yenyewe (dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kama mkosaji alikusudia), kazi iwe imesajiliwa kabla wizi haujaanza, au ndani ya miezi mitatu tangu ilipotolewa kwa umma. Ukichelewa, unabaki na kazi ya kuthibitisha hasara halisi na faida aliyoipata mkosaji. Kwa msanii ambaye hajawahi kuuza leseni hata moja ya tangazo, hasara hiyo mara nyingi haifikii bili ya wakili. Kifungu hicho hakimsamehi mgeni. Mgeni ana nafuu mahali pengine: sharti la kusajili kabla ya kufungua kesi linahusu kazi zinazohesabika kuwa za Marekani tu. Lakini albamu iliyotoka mtandaoni duniani kote saa ileile inaweza kuzua ubishi kama imekuwa ya Marekani au la, na ubishi huo hulipiwa kwa saa za wakili. Kwa inayohesabika kuwa ya Marekani, kutuma ombi peke yake hakufungui mlango wa mahakama. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2019, katika kesi ya Fourth Estate, kwamba lazima ofisi iwe imeshatoa uamuzi juu ya ombi.

Kwa miaka mingi kikwazo cha kusajili albamu kilikuwa fedha. Ombi la kawaida ni dola 65, na kwa wimbo uliotoka peke yake linabeba wimbo huo mmoja. Nyimbo 12 ni dola 780. Tarehe 26 Machi 2021 ukaanza kufanya kazi utaratibu wa kusajili kundi la kazi zilizo kwenye albamu moja, unaofahamika kwa kifupi kama GRAM. Kwa dola 65 unaingiza hadi tungo 20, au hadi rekodi za sauti 20. Iangalie vizuri hiyo "au", maana ndiyo inayowapoteza wengi.

Kila wimbo uliorekodiwa una hakimiliki mbili. Moja ni ya utunzi: melodi, mpangilio wa muziki na mashairi yake. Nyingine ni ya rekodi yenyewe, yaani sauti zilizonaswa kwenye masta, uimbaji, upigaji na uzalishaji wa studio. Anayerudia wimbo wako kwa bendi yake amegusa utunzi, rekodi yako hajaigusa. Anayekata sekunde nane za masta yako na kuziweka kwenye wimbo wake amegusa zote mbili. GRAM ina fomu mbili tofauti, moja ya tungo (namba za cheti chake huanza na PA) na moja ya rekodi za sauti (SR), na huwezi kuzichanganya. Albamu ya nyimbo 12 ambayo unamiliki kila kitu inahitaji maombi mawili, jumla dola 130. Kama pesa ya mwezi huu ni ya ombi moja, anza na upande ambao haki zako ni safi zaidi, na upande huo kwa wasanii wengi wa kujitegemea ni utunzi.

Fomu yenyewe haina ugumu. Kazi kubwa iko kwenye karatasi unazotakiwa kuwa nazo kabla ya kuifungua, kwa sababu GRAM ina masharti mawili kuhusu watu: kazi zote ziwe na angalau mtunzi mmoja anayejirudia kwenye kila wimbo, na mdai wa hakimiliki, yaani anayeandikwa kuwa mmiliki, awe yuleyule kwa kazi zote.

Tuchukue albamu ya kawaida ya Bongo Fleva. Msanii ameandika mashairi ya nyimbo 11 kati ya 12. Biti zimetoka kwa maprodyuza watatu. Nyimbo mbili ni kolabo, na mgeni kaandika beti yake mwenyewe. Wimbo mmoja kibwagizo chake ni cha ngoma ya asili, na mwingine ni wa zamani wa mtu mwingine uliorudiwa.

Sharti la kwanza limetimia: msanii ni mtunzi kwenye nyimbo zote isipokuwa ule wa kurudia. Huo unautoa kwenye ombi la tungo, lakini unaingia bila shida kwenye ombi la rekodi, maana rekodi mpya ni yenu. Wa ngoma ya asili unabaki, ila unadai kile ulichoongeza tu, yaani mashairi mapya na mpangilio mpya, na kwenye sehemu ya kuwekea mipaka ya dai unaeleza kwamba melodi ya kibwagizo haimo. Sampo iliyonunuliwa mtandaoni na kipande kilichotengenezwa na akili mnemba vinashughulikiwa vivyo hivyo: vinatajwa na kuondolewa kwenye dai. Tangu Machi 2023 ofisi imesema wazi kwamba sehemu yenye uzito iliyozalishwa na mashine lazima itajwe.

Sharti la pili ndipo penye kazi. Prodyuza aliyetengeneza biti ni mtunzi wa muziki, hata kama ulimlipa taslimu pale studio. Malipo hayahamishi hakimiliki. Kifungu cha 204 kinataka maandishi yaliyotiwa saini na anayehamisha. Ujumbe wa "nimepokea, asante" usiuchukulie kuwa mkataba. Na kosa linalofanywa kila siku ni kuweka alama kwenye kisanduku cha kazi ya kuajiriwa kwa sababu tu prodyuza alilipwa. Kazi ya kuajiriwa kwa sheria ya Marekani ni ya mwajiriwa aliyeifanya katika ajira yake, au kazi iliyoagizwa kwa maandishi ikiwa ndani ya makundi tisa yaliyotajwa na sheria. Rekodi za sauti hazimo kwenye hayo tisa. Bunge lao liliziingiza mwaka 1999 na kuziondoa mwaka uliofuata baada ya wanamuziki kupiga kelele.

Njia iliyonyooka ni kila prodyuza na kila mgeni wa kolabo kusaini karatasi ya kurasa mbili kabla albamu haijatoka. Iandike jina la wimbo, alichochangia, kama anahamisha haki au anabaki na asilimia, na tarehe. Wote wakihamishia kwa msanii au kwa kampuni yake, mdai anakuwa mmoja, na kwenye fomu unaeleza kwamba haki zimekuja kwa makubaliano ya maandishi. Uhamisho huo haumfuti prodyuza kwenye orodha ya watunzi. Jina lake linabaki pale pale kama mtunzi wa muziki, na ukiliacha utakuwa umetoa taarifa ya uongo kwa ofisi ya serikali. Asiyetaka kuhamisha, wimbo wake uutoe kwenye kundi na kuusajili peke yake kwa ombi la kawaida, wadai wakiwa wawili. Dola 65 zaidi ni nafuu kuliko kumlazimisha mtu aingie mahali ambapo siku ya kesi atasema hakuwahi kukubali.

Upande wa rekodi za sauti, watunzi ni waliotumbuiza na aliyezalisha. Mpiga gitaa wa siku moja naye yumo, na haki yake huhama kwa maandishi tu. Fomu hii ya SR inaruhusu pia kava na maandishi ya ndani ya albamu, ila kwa masharti yaleyale ya mtunzi na mdai. Picha ya kava huwa ya mpiga picha ambaye hahusiki na muziki kabisa, kwa hiyo mara nyingi ni bora kuiacha nje.

Karatasi zikiwa tayari, andaa jedwali la safu sita: jina la wimbo kama lilivyoandikwa kwenye albamu, watunzi na alichofanya kila mmoja, mdai, tarehe ya kutolewa, nchi ya kutolewa, jina la faili. Kisha fungua akaunti kwenye mfumo wa ofisi mtandaoni na uende kwenye orodha ya maombi ya makundi, si kwenye ombi la kawaida. Ukiingiza nyimbo 12 kwenye ombi la kawaida ukidhani unaokoa muda, ofisi inaweza kulikataa au kukutaka ubaki na wimbo mmoja, na ada hairudi.

Tarehe inaandikwa kwa kila wimbo. Singo iliyotoka miezi minne kabla ya albamu inaweza kuingia kwenye kundi kwa tarehe yake ya kweli, mradi nchi ya kutolewa ni ileile kwa kazi zote. Ila saa ya miezi mitatu ya kifungu cha 412 kwa singo hiyo ilianza siku ilipotoka, na kungoja albamu kumeipitisha. Singo unayoitegemea kuuza albamu isajili mara tu inapotoka.

Wimbo ambao haujatolewa hauingii kabisa. Kwa nyimbo zilizo bado studio kuna kundi lingine: hadi kazi 10 kwa dola 85, lakini huko watunzi wote lazima wawe walewale kwenye kila wimbo, sharti linaloziondoa albamu nyingi zenye kolabo. Na kutolewa kwenyewe kuna maana yake ya kisheria. Kuimba jukwaani au kurushwa redioni si kutoa. Kuuza nakala au kuruhusu watu wapakue ni kutoa. Kusikilizwa tu kwenye mtandao bila kupakua ni eneo lenye utata, na ofisi humwachia mwombaji aamue. Albamu inayouzwa kwa kupakuliwa huondoa ubishi huo.

Kisha unapakia nakala za nyimbo: faili moja kwa kila wimbo, kila moja isizidi megabaiti 500, jina la faili lifanane na jina la wimbo kwenye fomu. Kiungo cha YouTube au Spotify hakikubaliki kama nakala, wala faili lililofungwa kwa nywila. Ukipakia mashairi tu kwenye PDF, umesajili mashairi tu, na melodi imebaki nje, kwa hiyo pakia sauti kamili hata kwa ombi la tungo. Albamu iliyotoka pia kwenye CD au santuri ina masharti yake kuhusu toleo bora la kuwasilisha, basi soma maelekezo ya nakala kabla ya kulipa. Tarehe rasmi ya usajili ni siku vitu vitatu, ombi, ada na nakala, vilipokamilika mikononi mwa ofisi. Faili moja likikosekana, tarehe inasogea. Anwani unayoandika inaingia kwenye kumbukumbu za umma na kuiondoa ni shida, kwa hiyo tumia sanduku la posta.

Kuna hofu kwamba kusajili kwa kundi kutafanya albamu nzima ihesabike kuwa kazi moja siku ya fidia. Hofu hii ina asili yake. Sheria inasema mkusanyiko ni kazi moja kwa hesabu ya fidia, na mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilitumia hoja hiyo mwaka 2010 katika kesi ya Bryant, ambapo nyimbo zilitolewa kama albamu. Mwaka 2016, katika kesi ya MP3tunes, mahakama hiyohiyo ilihesabu kila wimbo peke yake kwa nyimbo zilizokuwa zimeuzwa moja moja. Kanuni ya GRAM nayo inatamka kwamba kila kazi katika kundi imesajiliwa kama kazi inayojitegemea. Kwa hiyo msambazaji wako wa kidijitali akikuuliza kama nyimbo zinunuliwe moja moja, kubali.

Cheti kikifika, kisome siku hiyohiyo. Kosa la jina au mtunzi aliyeachwa hurekebishwa kwa usajili wa nyongeza, dola 100. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2022 katika kesi ya Unicolors, uliohusu michoro 31 ya vitambaa iliyosajiliwa kwa ombi moja, unamlinda aliyekosea kwa kutojua, hata kutojua sheria. Haumlindi aliyejua akanyamaza. Usajili huu hauleti mirabaha. Hiyo inadaiwa kupitia mashirika ya kukusanya, na ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au KECOBO ya Kenya, zinabaki na kazi yao huku nyumbani. Unachokupa ni pa kusimamia, pamoja na Bodi ya Madai ya Hakimiliki iliyofunguliwa Juni 2022, ambako dai dogo lisilozidi dola 30,000 husikilizwa mtandaoni. Kulifungua ni dola 40, kisha 60 nyingine shauri linapoingia hatua ya kusikilizwa, na ombi la usajili ambalo bado linasubiri linatosha kuanzia.