Friji la zamani bado linagandisha: namna ya kuliondoa bila nauli kumeza bei

Friji la mlango mmoja lenye miaka kumi na kitu lina adui mmoja: nauli. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ya kutoka Mbagala hadi Tegeta jijini Dar es Salaam, ukijumlisha wabebaji wawili, inaweza kumeza nusu ya bei ya friji lenyewe, na mnunuzi ameshapiga hesabu hiyo kabla hajakupigia simu. Basi anza na wa mtaani kwako, anayeweza kuja na guta au mkokoteni: grupu la WhatsApp la mtaa, muuza juisi, mwenye genge. Anayetaka kuuza barafu mwambie ukweli mapema. Friza ndogo ya ndani ya friji la mlango mmoja haitamtosha, na atalirudisha.

Usilichomoe na kulitupa stoo. Mnunuzi akikuta friji limezimwa anaamini limekufa. Liwashe siku moja kabla, weka chupa ya maji kwenye friza, aje akute barafu. Akitaka kulizima na kuliwasha mwenyewe, subirini dakika tano hivi. Ukiwasha papo hapo presha ya gesi inakuwa haijatulia, kompresa inaguna na kukata, naye anaondoka akisema ni bovu.

Swali la pili litakuwa umeme, na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inalijibu vizuri kuliko maneno yako. Usiku zima kila kitu isipokuwa friji, andika yuniti zilizobaki, soma tena baada ya muda wa saa 12. Likila yuniti 0.8, ni kama 1.6 kwa siku, yaani 48 kwa mwezi; ongeza kidogo, maana mchana kuna joto na mlango hufunguliwa. Kwa aliye kwenye tarifu ya D1, mwenye yuniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, hiyo ndiyo namba inayoamua kama atalichukua hata ukimpa bure.

Kabla ya kupiga picha, yeyusha barafu. Hapa ndipo mafriji mazima yanapouawa: mtu anachukua kisu. Kwenye friji la mlango mmoja ukuta wa friza ndimo gesi inamopita, na alumini yake ni nyembamba. Tundu moja tu, gesi imekwenda. Weka sufuria ya maji ya moto ndani, funga mlango, subiri. Futa kwa maji ya sabuni kisha siki, harufu itaisha. Mpira wa mlango upime kwa noti: ibane mlangoni, uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira umelegea. Uloweshe kwa kitambaa cha maji ya moto, uunyooshe kwa vidole, mara nyingi hurudi. Vumbi la mabomba ya nyuma litoe kwa brashi, baada ya kuchomoa plagi.

Soma kibandiko cha nyuma ujue aina ya gesi, ukipige picha. R134a, fundi yeyote anaizoea. R600a inawaka moto, kwa hiyo mabomba yasichomelewe yakiwa na gesi ndani. R12 ni ile iliyobanwa na Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni. Friji lake likivuja kuipata tena ni shida, kwa hiyo bei yake iwe ya kutupa.

Wa mtaani akikosekana, muite fundi wa friji kabla ya wa vyuma chakavu. Wa chakavu anapima kilo tu, na akikata mabomba gesi yote inakwenda hewani. Fundi anahesabu kompresa nzima, themostati, mpira na rafu, na hulibeba mwenyewe.

Mauziano yaandikwe hata kama bei ni ya soda: tarehe, majina, namba ya utambulisho ya friji (serial number), neno “limeuzwa kama lilivyo”, sahihi na shahidi. Karatasi hiyo inamsaidia mnunuzi akisimamishwa njiani usiku na mzigo.

Lisafirishwe wima. Likilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba. Likifika lisimame mpaka kesho yake ndipo liwashwe. Na kama litalala uani likisubiri guta, ng’oa mlango au uufunge kamba kuzunguka friji zima. Watoto hujificha humo, na ndani hakuna hewa.