Maboga ya Kujiotea

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya kijiji kuhakiki taarifa zangu kwenye daftari la wakulima wa mbolea ya ruzuku, jambo ambalo tumelizoea tangu ruzuku iliporudi msimu wa 2022/2023. Kijana aliyekuwa akiandika aliniuliza jina, akaniuliza ukubwa wa shamba na mahali lilipo, kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Zao gani, mama?" Nikaangua kicheko mbele ya foleni nzima. Alinitazama kwa mshangao, nami nikajikaza na kumwambia mahindi na viazi, akaandika. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba swali lake lilikuwa limenirudisha Desemba ya mwaka 1998, bondeni kwenye kinyungu cha Bibi, siku tuliyogundua zao ambalo Baba Mdogo asingeweza kulitaja mbele ya mwandishi yeyote wa serikali.

Nilikuwa nimepelekwa kwa Bibi mwezi Machi, upande wa Kilolo, ambako wakati huo tulikuwa bado tunahesabiwa Iringa Vijijini. Nilikuwa kidato cha pili na ada ilikuwa imekosekana. Mengine ni marefu na hayana faida hapa. Bibi hakunipokea kama mgeni. Asubuhi ya pili nilipomwamkia "Kamwene," aliitikia huku akininyooshea jembe.

Waliokulia Nyanda za Juu wataniwia radhi nikieleza wanachokijua. Kinyungu ni bustani ya bondeni, mahali ambapo unyevu haukauki hata kiangazi kikiwa kikali, na mwenye nacho hulima wakati wenzake wa mlimani wanasubiri mvua ya Novemba. Mwaka wa Bibi ulianza Mei, mvua zinapokatika, na mipango yake yote ilikaa kichwani. Mei alizibua mifereji ili maji yaliyosimama yatoke. Juni alifyeka nyasi na matete, akayaacha yasinyae, kisha akayafukia chini ya matuta ili yaoze humo humo. Katika miezi hiyo ya baridi hakupanda chochote chenye majani laini, kwa sababu sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, hutua bondeni kabla ya kufika mlimani, na asubuhi yake utakuta majani ya viazi yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mahindi yaliingia ardhini Agosti, maharage yakafuata katikati yake, na hesabu yote hiyo ilikuwa na shabaha moja tu: kwamba Desemba na Januari, wakati maghala ya watu yamebaki na panya na mahindi ya mlimani ndiyo kwanza yanapaliliwa, sisi tuwe tunachoma mahindi mabichi. Mwaka ule mvua za El Nino zilikuwa zimeshusha udongo mwingi kutoka vilimani na kufukia sehemu ya matuta yake ya zamani. Aliulalamikia kwa niaba ya shamba la mlimani na kuushangilia kwa niaba ya kinyungu, mara nyingine katika sentensi moja.

Fahari yake hasa ilikuwa lundo la samadi nyuma ya banda la kuku. Humo mliingia mavi ya kuku, samadi ya ng'ombe tuliyoomba kwa jirani na kuibeba kwa tenga, majivu ya jikoni, maganda na kila kilichobaki mezani, zikiwemo mbegu za maboga. Aliligeuza mara mbili na kulifunika kwa nyasi kavu, na hakuruhusu hata kiganja kimoja kitoke kabla ya miezi mitatu. Kipimo chake kilikuwa mkono wake mwenyewe: aliuingiza ndani ya lundo hadi kiwiko, akatulia kidogo kama anayesikiliza, na akikuta bado kuna joto, aliutoa na kusema haijaiva. Mavi ya kuku yakiwa mabichi huunguza mizizi, na harufu yake inayochoma macho ndiyo chakula cha mmea kinachopotelea hewani. Hilo la harufu nilifundishwa baadaye darasani, lakini Bibi alilijua kwa macho yake.

Mbolea ya dukani aliitumia kwa ubahili uleule. Alikuwa na nusu mfuko wa urea ndani ya ndoo yenye kifuniko, na alipimia kwa kizibo cha soda. Kizibo kimoja kilitosha mashina mawili. Kiliwekwa umbali wa kiganja kutoka kwenye shina na kufukiwa papo hapo, maana aliamini, na hakukosea, kwamba urea ikiachwa juu ya udongo juani huondoka kimyakimya na pesa yako.

Baba Mdogo, kitinda mimba wake, alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu na hakuwa na kazi maalumu. Mwezi Septemba alianza kuyapenda masomo yangu. Aliazima daftari langu la kilimo, akaniuliza kila kirutubisho kinafanya nini, nami, kwa kiburi cha mwanafunzi aliyefukuzwa shule ambaye hatimaye amepata mtu wa kumfundisha, nikamweleza kwa kirefu: naitrojeni kwa majani, fosforasi kwa mizizi na maua, potasiamu kwa nguvu ya mmea na ubora wa mazao. Alinakili kwenye karatasi. Nilidhani anataka kumsaidia mama yake.

Oktoba lundo likaanza kupungua. Mimi sikuona tofauti yoyote, lakini Bibi aliiona siku ya kwanza. Urea nayo ikawa inashuka ndani ya ndoo kuliko hesabu ya vizibo. Alimshuku jirani, yule yule aliyekuwa akitugawia samadi ya ng'ombe, na kwa wiki kadhaa akawa anaitikia salamu zake kwa mkato, jambo ambalo baadaye lilimgharimu mtetea mmoja wa kuombea radhi.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Desemba tulipanda na bonde kwenda kukata matete ya kuezekea banda. Tulikuwa tumekipita kinyungu chetu kwa mwendo wa dakika kama kumi, mahali ambapo hapakuwa na shamba la mtu, Bibi aliposimama ghafla. Miguuni pake palikuwa na mche wa boga, mchanga, wenye majani yenye madoa meupe kama yaliyonyunyiziwa unga.

"Hili boga ni la kwangu," alisema.

Nilidhani anatania. Kisha tukaona la pili hatua chache mbele, na matatu yaliyosongamana, na kutoka hapo yalikuwa yamejipanga kama watu wanaokwenda mnadani, mpaka kwenye ukuta wa matete. Aliyebeba tenga lake usiku alikuwa akidondosha samadi njia nzima, na katika samadi ile mlikuwa na mbegu za chakula chetu cha jioni. Bibi aliyatenganisha matete kwa mikono miwili tukaingia.

Palikuwa na miche kama ishirini, imenipita kimo, ya kijani kizito kinachoelekea weusi. Harufu yake ilikuwa nzito pia. Niliijua ile jani ya vidole vingi kwa sababu ilikuwa imechorwa kwenye bango la shuleni, na neno bangi lilinijia mdomoni nikalimeza. Nilingoja Bibi apige kelele. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995 ilikuwa tayari kali, nasi tulikuwa tumesikia habari za watu wa vijiji vya mbali waliochukuliwa kwa miche michache kuliko ile.

Bibi alichuchumaa. Alishika jani moja kwa vidole viwili akaligeuza kwenye mwanga, na hapo nami nikaona kwamba ncha zake zilikuwa zimeungua, za kahawia, zimejikunja kwenda chini kama kucha za kuku. Akashika la mche wa pili, likawa hivyo hivyo. Akachimba udongo kwa vidole karibu na shina, akauweka kwenye kiganja, akaunusa, akausugua.

"Ni yangu," alisema. "Na haikuwa imeiva. Kaiba mbichi."

Kisha akasogeza nyasi zilizofunika shina, na chini yake palikuwa na kichuguu kidogo cha chembe nyeupe za urea, kimegusa ganda lenyewe. Nadhani ni hapo alipokasirika kweli.

"Kamimina! Nani kamfundisha kulisha mmea shingoni?" Aliinuka, akautazama mche toka chini hadi juu. "Ona, majani matupu. Desemba hii hauna hata ua. Umeshiba mno kuzaa. Na kaupanda kwenye maji, hakuchimba hata mfereji mmoja."

Nilitazama chini. Nilijua nani alikuwa amefundisha, na nilijua kwamba katika somo langu lote refu mwanafunzi wangu alikuwa ameshika ule mstari wa kwanza tu, wa majani, kwa sababu majani ndiyo aliyodhani anayauza. Umbali wa kiganja sikumwambia. Haukuwa umeandikwa kwenye daftari.

Nimeukumbuka mara nyingi ule muda, ambao haukuzidi dakika tano, na bado sijaamua kama Bibi alikuwa anaogopa kuitaja bangi mbele yangu au kama kweli, kwa wakati ule, kosa kubwa alilokuwa akiliona lilikuwa la kilimo. Alisema kama bwana shamba aliyekuja kukagua. Hakumtaja mwanawe kwa jina, wala hakuuliza ni nani.

Alipomaliza kukagua, alianza kung'oa. Miche ilitoka kirahisi, maana mizizi ilikuwa imeanza kuoza na ilitoa harufu ya tope lililolala. Kila mche aliupiga kwenye goti la mguu ili udongo uangukie ndani ya tenga. Hakuwa tayari kupoteza samadi yake mara ya pili. Tulichimba mtaro, tukailaza humo kama alivyolaza nyasi zake za Juni, tukaifukia na kukanyaga. Mchana ulikuwa umefika. Matete hatukukata. Tulirudi na matenga mawili ya udongo kichwani na fundo la majani ya maboga aliyoyachuma njia nzima, mche baada ya mche.

Usiku alipika ugali na yale majani, ameyaunga karanga. Baba Mdogo alikuja, akanawa, akamega.

"Kula, baba," Bibi alimwambia. "Hiyo ni mboga ya shambani kwako."

Tonge lilisimama njiani. "Shambani kwangu wapi, mama?"

"Kule ulikolima. Mengine yote yamekataa, maboga ndiyo yamekubali."

Alikula. Alikula mpaka akamaliza, kwa sababu kuacha kungekuwa kukiri, na hakuna aliyesema neno hadi tukatoa vyombo. Nilipotoka nje kumwaga maji, nilimkuta amesimama gizani karibu na banda la kuku. "Ilikuwa ya ada yako," alisema kwa sauti ya chini, akaondoka kabla sijajibu.

Kabla ya Krismasi alikwenda Mufindi kutafuta kibarua kwenye mashamba ya chai. Katikati ya Januari kondakta wa basi alituletea bahasha yenye ada na nauli. Bibi alizihesabu noti mara mbili, akazisogeza puani, akazinusa.

"Chai hailipi hivi kwa wiki nne," alisema.

Akanipa. Nikarudi shule na kurudia kidato cha pili.

Bibi hayupo tena, na kinyungu chake pia hakipo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 iliweka mita 60 kutoka ukingo wa mto bila shughuli za kudumu, na matete yamerudi mpaka mahali palipokuwa na matuta. Baba Mdogo ni mzee wa kanisa sasa, na ana parachichi Njombe. Ratiba ya kulisha miti yake ameiandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, kwa mwezi na kwa gramu, na vijana wanaokwenda kujifunza kwake huwaonya kwa ukali wasiweke mbolea kwenye shina. Nilimsikia mwenyewe mwaka juzi. Alichukua fimbo akachora duara pana kuzunguka mti, usawa wa mwisho wa matawi, akasema mizizi inayokula iko huku, siyo shingoni. Alipotamka neno hilo macho yetu yalikutana, akaendelea na somo. Habari ya bahasha sijawahi kumuuliza, na kila mwaka unaopita unanifanya nione kuwa si mimi wa kuuliza.

Mimi nalima Uyole, Mbeya. Nina lundo langu nyuma ya banda, nalifunika kwa nyasi kavu, na naingiza mkono hadi kiwiko kabla sijachota. Binti yangu huniuliza kwa nini mbegu za maboga nazitupia humo badala ya kuzikaanga kama wenzetu. Humjibu kwamba maboga yanapenda samadi.