Nairobi hadi New York: kilomita 11,840 na saa zinazochanganya

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi John F. Kennedy ni kilomita 11,840 hivi kwa njia fupi kabisa. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, utadhani ndege inakatiza Nigeria na Mali. Chukua tufe la dunia na uzi, ukaze uzi kati ya miji hiyo miwili: unapita Sudan Kusini, Chad, jangwa la Algeria, Morocco, ndipo unaingia Atlantiki. Ndege hufuata uzi, si rula, ingawa marubani huukwepa kidogo kwa ajili ya upepo au anga iliyofungwa.

Kenya Airways ilianza kwenda huko bila kituo tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8. Ndege hiyo hukata kilomita 900 hivi kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na ushei. Mbona basi tiketi hukaribia 15? Kwanza, muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inaposukumwa kutoka maegeshoni hadi inapoegeshwa upande wa pili. Pili, juu ya Atlantiki upepo huvuma kutoka magharibi. Kwenda ni upepo wa omo, yaani wa mbele, kurudi ni wa tezi, wa nyuma. Upepo wa kilomita 80 tu kwa saa, njia nzima, unaongeza zaidi ya saa moja.

Tena Nairobi iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hivyo hupaa kwa taabu. Usiku hewa ikipoa huwa nzito, injini na mabawa hufanya kazi vizuri zaidi. Ndiyo maana kuondoka usiku kunafaa.

Sasa saa zenyewe. Tuseme tiketi ya Februari inasema 23:25 hadi 06:25. Hizo si saa saba. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, kwa hiyo 7 + 8 = 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti ni saa saba. Ukirudi, toa badala ya kujumlisha.

Kosa linaloumiza zaidi ni la tarehe. Tiketi ikisema tarehe 14, 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatoka nyumbani tarehe 13 jioni. Anayekwenda uwanjani tarehe 14 usiku ameshaachwa siku nzima.

Wa kubadili ndege, tazama umbali pia. Kupitia Amsterdam jumla ni kama kilomita 12,500, karibu umbali uleule. Kupitia Dubai ni kama 14,500, maana unaanza kwa kwenda upande usio wako. Nauli ikiwa nafuu sana, sawa, la sivyo ni kujichosha.

Na kama New York si mwisho wa safari, kumbuka mizigo huchukuliwa pale unapoingia Marekani mara ya kwanza, inapita forodha, kisha unaikabidhi upya. Acha saa tatu kabla ya ndege inayofuata. Mbili ni bahati nasibu.