Kumbukumbu ya mradi: Aglianico ya mlima Vulture

Daftari langu la mvinyo mwekundu wa Italia limefika Basilicata, na kwa hali ilivyo halitatoka huko upesi. Nilipanga kupita tu: nitoke Puglia, nilale Melfi, kisha nishike njia ya Campania. Sasa kurasa nilizozitenga kwa mikoa miwili zimejazwa na mlima mmoja, Vulture, na aina moja ya zabibu, Aglianico.

Kwa anayeufuatilia mradi huu kwa mara ya kwanza: natafuta mvinyo mwekundu unaostahili sifa nyingi kuliko unazopewa. Barolo ya Piemonte na Brunello ya Toscana hazihitaji msaada wangu, watu hupanda ndege kuzifuata. Basilicata wachache huikumbuka. Ni mkoa wa milima uliobanwa kati ya Puglia, Campania na Calabria, hauna jiji kubwa, na wageni wengi huishia Matera kutazama nyumba za mapangoni. Vulture uko kaskazini kabisa, mbali na njia hiyo.

Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika, kimo chake mita 1,326. Ndani ya kasoko kuna maziwa mawili ya Monticchio yaliyozungukwa na msitu. Mizabibu imeenea kwenye miteremko ya Rionero, Barile, Rapolla na Ripacandida, ikishuka hadi Venosa, mji alikozaliwa mshairi Horatius mwaka 65 KK. Karibu na Barile niliomba ruhusa ya kuingia shambani nikauchukua udongo mkononi. Ni mweusi, mwepesi, unamomonyoka vidoleni. Majivu haya ya kale hunyonya maji wakati wa baridi na kuyaachia kidogo kidogo kiangazi, ndiyo maana mizabibu hustahimili Julai na Agosti bila kunyauka. Halafu kuna mwinuko: mashamba mengi mazuri yako kati ya mita 400 na 600. Jua la kusini huchoma mchana, usiku baridi hushuka, na zabibu hukomaa taratibu sana. Wakati sehemu kubwa ya Italia imeshamaliza kuvuna, hapa ndiyo kwanza wanaanza, katikati ya Oktoba, na miaka mingine huingia Novemba.

Mimi nimekulia Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu unaosubiriwa hivi ulinishangaza. Mzee mmoja mwenye shamba alinionyesha mizabibu yake mikongwe iliyofungwa kwa mtindo wa zamani wa huko, matete matatu yaliyosimamishwa na kuunganishwa juu, umbo la kibanda. Trekta haipiti katikati yake, kila kazi ni ya mikono, na wengi wameshahamia kwenye safu za waya. Nilimuuliza kwa nini yeye hajahama. Akasema anaijua mizabibu hii mmoja mmoja, basi.

Sasa mvinyo. Barile ina mapango yaliyochimbwa kwenye mwamba laini wa volkano, yanayotumika kama maghala kwa sababu ubaridi wake haubadiliki sana mwaka mzima. Wakazi wengi wa mji ni wa uzao wa Waalbania waliohamia huko karne ya 15, na baadhi ya wazee bado wanasema lugha yao. Ndani ya pango moja nilionjeshwa Aglianico changa kutoka kwenye pipa. Ukakasi wake ulinibana fizi na ulimi kama niliyekula zambarau ambazo hazijaiva, na chini yake kulikuwa na uchachu mkali. Aliyeonja hiyo tu akaondoka atasema mvinyo huu ni mgumu, na namwelewa.

Kisha ikafunguliwa chupa ya shamba lile lile iliyokaa zaidi ya miaka kumi. Harufu ya matunda meusi yaliyoiva, pilipili manga, moshi, na kitu kinachofanana na chuma. Ukakasi bado ulikuwepo, ila ulikuwa umelainika na kuubeba mvinyo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uchachu uliouma kwenye mvinyo mchanga ndio ulioifanya hii iwe hai baada ya muda wote huo. Nimeandika kurasa tatu juu ya bilauri hiyo moja na sijafuta neno.

Sheria za huko zinaijua tabia hii. Aglianico del Vulture ilipata mwaka 1971 hadhi ya DOC, yaani jina la eneo linalolindwa kisheria, na daraja lake la juu, Superiore, likapanda mwaka 2010 kuwa DOCG, hadhi ya juu zaidi. Superiore haiuzwi kabla ya miaka mitatu, na Riserva, ile inayokaa zaidi, ni mitano. Mkulima mdogo asubiri miaka mitano kabla ya kuona fedha! Hapo naona sababu moja kubwa ya ukimya wa mvinyo huu. Nyingine ni kwamba kwa miongo mingi mvinyo mwingi wa kusini mwa Italia uliuzwa kwa jumla, bila jina, ukaongezwe kwenye mvinyo wa kaskazini kuupa nguvu na rangi. Waliong'ang'ania kuweka jina la Vulture kwenye chupa wanastahili heshima: Paternoster wa Barile tangu 1925, ushirika wa Venosa tangu 1957, na Elena Fucci, ambaye familia yake ilikuwa karibu kuuza shamba alipoamua kubaki na kutengeneza mvinyo wake, Titolo.

Wengi huiita Barolo ya kusini. Siipendi sifa hiyo. Barolo ina harufu ya waridi na lami, ni nyepesi machoni. Aglianico ni nyeusi zaidi, ina moshi, na inasimama kwa jina lake.

Kwa chakula: nyama ya mwanakondoo, jibini la kondoo, na pilipili tamu za Senise zilizokaushwa na kukaangwa hadi zivunjike mdomoni. Mafuta na chumvi huutuliza ukakasi mara moja. Mbuzi wa kuchoma atafaa vilevile, hilo nitalijaribu nikifika nyumbani.

Nimenunua chupa za shamba moja, za miaka tofauti, na nimeziandikia mwaka wa kufunguliwa kila moja. Kituo kinachofuata ni Taurasi, Campania, zabibu ile ile, DOCG tangu 1993. Nitabeba chupa moja ya Vulture nizionje pamoja, kwenye bilauri zinazofanana, na matokeo yataandikwa hapa.